Boti Tuliyoijaza Maji Kimilili

Baba Nekesa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na tafadhali usianze kunituliza kama ulivyozoea. Umekufa, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho. Jana ndugu zako walikaa kikao hapa hapa uani kwetu. Wakasema kwamba mimi, mjane wako, nimemtukana mkoki wako Barasa mbele ya watu siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi yako, na kwamba lazima nimpelekee kuku nimwombe msamaha. Kuku. Mimi nimpelekee Barasa kuku. Niliwajibu kwamba nitafikiri, nao wakaondoka wameridhika, lakini sina cha kufikiri. Nataka usikie habari hii kutoka kwangu kwanza. Na sijali wengine wakiisoma, maana waliocheka siku ile walikuwa wengi na bado wako hai.

Wasio wa kwetu huenda hawajui mkoki ni nani. Ni mtu mliyetahiriwa naye wakati mmoja. Huyo ana ruhusa ya kukuambia lolote, hata mbele ya mama mkwe wako, nawe unamrudishia lolote, na anayenuna ndiye mwenye makosa. Mimi nilitoka Bunyala kando ya ziwa, nikaikuta desturi hiyo kwenu, na mwanzoni niliipenda. Ulikuwa ukirudi nyumbani umetukanwa na Barasa tangu kichwa mpaka kisigino, unacheka mpaka unashindwa kula.

Unakumbuka ulivyokuja kwetu kuniposa? Ulikuwa fundi wa magari ya ng'ombe katika shamba la mzungu kule Kitale, na mikono yako ilinuka grisi hata baada ya kuoga. Baba yangu alikutazama, akasema, "Nyinyi watu ya mlima, maji mnajua ya kunywa tu. Huyu mtoto akitaka kuona mama yake, atapita wapi?"

Ukajibu bila kufikiri, "Nitamleta na maji, mzee. Si mto ya Nzoia inapita kwetu ikikuja hapa? Nitatengeneza boti ya tanga, nimlete mpaka kwa mlango yenu."

Wazee walicheka sana, wakakupenda kwa hilo. Mama yangu hakucheka. Alinivuta jikoni akaniuliza kama wewe ni mtu wa kutimiza anachosema. Nikamwambia sijui bado. Akasema, "Basi mimi nitamngoja."

Miaka ya Kitale ilipita, na boti ilikuwa maneno tu ya kuota moto. Kisha vita vikaisha, wazungu wakanunua matrekta na malori, na fundi wa magari ya ng'ombe akawa mtu wa kufagia ghala. Ulikataa kufagia. Tulirudi Kimilili na sanduku lako la vifaa, na wiki ile ile ukaanza kupima uwanja kwa kamba, mahali nilipokuwa nimepanga kupanda viazi. Nilinung'unika. Ukasema, "Mama yako ananingoja." Nikakushikia ncha ya pili ya kamba.

Watu husema boti ile ilikuwa wazimu, lakini hawajui ilikuwa kazi gani. Ulianza na mtarakwa kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Mtarakwa ni mti mzuri wa nguzo. Ukiupigilia msumari wa gari unapasuka toka mwanzo hadi mwisho, na ukijaribu kuupinda unakatika kama muwa. Mbao zako za kwanza niliziwasha jikoni, na ugali wetu ukanuka kanisa kwa muda mrefu. Ndipo ukaenda Bungoma kwa shemeji yako kuomba mvule. Maksai waliuburuta ule mti barabarani, na watoto wa shule waliufuata wakiuliza unajengewa nani.

Mvule ulihitaji kupasuliwa mbao kwa msumeno wa shimoni, ambao mmoja hukaa juu na mwingine huingia chini. Mtu uliyemtafuta akae chini alikimbia siku ya pili, kwa sababu wenzake walimwita mtumishi wa Nuhu. Nikaingia shimoni mimi. Mke wa mtu, nguo imefungwa kiunoni, unga wa mbao ukininyeshea machoni na mdomoni. Mama yako alipoona alikaa chini kabisa, akauliza kama kwetu wanawake hufanywa hivyo. Ukamwambia kwa sauti kutoka juu, "Mama, huyu ndiye fundi, mimi nimekalia mti tu." Nilikuwa nimekasirika sana, lakini maneno hayo nilicheka nayo huko chini mpaka nikameza unga.

Kupinda mbao ndiko kulikotaka kukuvunja moyo. Gari la ng'ombe halina tumbo, na boti ni tumbo tupu. Ulijaribu moto, ukaunguza. Ulijaribu kuzilaza mtoni, zikarudi zimenyooka vile vile. Mimi nilikuuliza kama ndizi mbichi inalainika kwa mvuke, mbao ni nini hata ishindwe. Basi tukachimba mfereji, tukaupanga mawe ya moto, tukaweka mbao, tukamwagia maji na kufunika kwa majani ya mgomba na udongo. Wanawake waliotoka kisimani walisimama kuangalia.

"Mama Nekesa, leo unapika nini?"

"Mbao."

"Na mboga?"

"Misumari."

Zililainika, Baba Nekesa. Tuliitoa mbao ya kwanza ikitoa moshi, wewe upande huu na mimi ule, tukaibana juu ya mataruma, zile mbavu za boti, kabla haijapoa, na ikakubali. Ulinitazama kama siku ile ya harusi. Sitasahau uso ule hata nikisahau mengine yote.

Kisha ukafanya kosa la fundi wa magari. Ulikuwa umezoea kwamba adui wa gari ni maji, kwamba mbao ikilowa itavimba na kufungua viungo. Kwa hiyo ulibana mbao zote vizuri, halafu ukaiacha boti juani kiangazi kizima ili ikauke. Ikakauka kweli. Nyufa zilifunguka hata Nekesa, aliyekuwa bado anajifunza kusimama, akawa anapenyeza vidole ndani na kuvitazama upande wa pili. Ulikaa juu ya gogo, hukula. Siku iliyofuata ukapanda lori kwenda Kitale kwa yule fundi Kalasinga aliyekufundisha kazi, ukamwulize. Ukarudi jioni na jibu lake. "Mimi najua gurudumu. Hiyo bahari nilivuka nikitapika, mbao sikuangalia." Alikupa lami na kamba chakavu za katani za kuziba nyufa, na huruma.

Ni mimi niliyekumbuka kwamba kwetu, boti ikikaa mchangani kiangazi, wanaume huimwagia maji kabla ya kuirudisha ziwani. Mbao inakunywa, inanenepa, inajifunga. Na sisi ziwa hatukuwa nalo. Tulikuwa na kijito chini ya mteremko, na vichwa vya kubebea. Kila jioni nilipanda na mtungi, wake wa ndugu zako wakanisaidia, tukaimwagia boti maji kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Tukaanza kusikia maneno. Ati tunabatiza mti. Ati tunajua siku ya gharika na tunawaficha wengine. Ulicheka. Ulisema watu wa Kimilili hawana redio, waache wajitengenezee habari.

Lakini ilikuwa miaka mibaya ya kuchekea maneno kama hayo. Unajua jinsi serikali ya wazungu ilivyokuwa ikiogopa dini mpya, na kila watu watatu waliosimama pamoja na kuimba. Watu walikuwa wakichukuliwa na kufungwa kwa ajili ya ndoto tu waliyosimulia. Na wakati huo huo mkoki wako Barasa alikuwa amepewa umukasa, ndiye mkubwa wa kijiji chetu chini ya chifu, na kofia ya serikali alivaa hata akienda kukamua ng'ombe.

Nakuja sasa kwenye siku yenyewe. Boti ilikuwa imezibwa katani na lami, na ulitaka kujua inavuja wapi kabla hujaifunga kwenye gari na kuipeleka chini ya maporomoko ya Webuye, mahali ambapo mto unaweza kuibeba mpaka Bunyala. Mtu wa ziwani huitia boti majini akaangalia maji yanaingilia wapi. Sisi watu wa mlimani tulifanya kinyume. Tulitia maji ndani ya boti, tukaangalia yanatokea wapi. Uliita watu wa kusaidia, nami nikatengeneza pombe ya busaa, na kijiji kizima kikapanda na mitungi na madebe kutoka kijitoni. Palipo na kazi na busaa, kwetu pana wimbo pia. Kwa hiyo walikuwa wanaimba, wanawake na wanaume, wakipanda mteremko na kumimina maji ndani ya boti kubwa iliyokaa juu ya kilima. Mtu wa mbali angeona nini? Mimi nawauliza wanaosema hatukuwa waangalifu. Walitaka tuijaribu boti kwa kuipulizia?

Maji yalipanda mpaka karibu na ukingo. Ulizunguka ukipapasa kila kiungo kwa kiganja. Ilivuja mahali pamoja tu, mbele, pale ubao wa kwanza unapokutana na mkuku, ule uti wa mgongo wa boti. Matone madogo. Ulilia, na ukajifanya ni jasho.

Ndipo Barasa akatokea na kofia yake, na askari wa chifu wawili nyuma yake. Alisimama akaweka mikono kiunoni.

"Wewe Nuhu," akasema, "sasa mvua itanyesha lini?"

Na wewe ulimjibu kama unavyomjibu mkoki. Ungemjibuje vingine? "Mvua tumeleta wenyewe, iko ndani. Ikimwagika, serikali yote itazama. Na wewe bana, wewe sitakubeba."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Barasa alicheka kuwashinda wote, akakupiga mgongoni, akaenda kwenye chungu cha busaa, akashika mrija na kunywa. Nilimwona kwa macho yangu. Alikunywa pombe niliyoipika mimi, akafuta mdomo, akashuka mteremko.

Siku chache baadaye walikuja kukuchukua. Nilikufuata mpaka mahali pa kesi, na nikasimama nje ya dirisha. Karani alisimama akaita jina lako, Simiyu, akayasoma maneno yako mbele ya mzungu mmoja mwenye miwani, neno kwa neno, kwa sauti kavu ya mtu anayesoma orodha ya mbegu. Serikali yote itazama. Utani wenu wote ukatolewa nje, yakabaki maneno. Barasa aliulizwa kama ni kweli uliyasema. Akasema ndiyo, ni kweli. Akaulizwa kama ulikuwa unacheka. Hapo, Baba Nekesa, alikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha. Angesema huyu ni mkoki wangu, na mimi ndiye niliyeanza. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Sikuangalia uso yake."

Wakakupeleka mbali, na boti wakaamua ivunjwe. Shoka zilihangaika nayo kutwa nzima, kwa sababu ulikuwa umeifunga kama gari la kwenda Uganda. Maji ya kijito chetu yaliyobaki ndani yalimwagika kwenye viazi vya jirani. Nilisimama na Nekesa mgongoni, nikiangalia mbao zile nilizozipasua shimoni, nilizozipika, nilizozinywesha, zikibebwa mabegani kupelekwa kwa Barasa. Aliwaambia watu ni vizuri kuni za serikali zisiharibike. Akazifanya mabenchi ya baraza lake. Na kwa sababu zilikuwa zimepinda kwa ajili ya maji, kila aliyeketi aliteleza katikati akamkalia mwenzake, na hilo nalo likawa kichekesho cha kijiji.

Mama yangu alifariki ukiwa bado kifungoni. Nilikwenda Bunyala kwa miguu na kwa lori la mahindi, mtoto akitapika njia nzima. Nilimkuta akiwa bado anasema kidogo. Alitazama nyuma yangu mlangoni, akauliza, "Mtu wa mlima amefunga boti wapi?" Nikamwambia ameifunga vizuri, iko chini pale. Akasema, "Nilijua." Sikuwahi kukwambia haya. Nakuambia leo kwa sababu nilimdanganya mama yangu akikata roho, na aliyenifanya nimdanganye ndiye wanayetaka nimpelekee kuku.

Ulirudi Nekesa akiwa tayari anachota maji kwa kibuyu chake mwenyewe. Alikuamkia kama mgeni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukwambia na chakula cha kukupa. Ulikula, ukashukuru, ukatembea mpaka pale uwanjani ilipokuwa boti, ukasimama, ukarudi ukachukua koti. Nikakuuliza unakwenda wapi. Ukasema, "Kwa Barasa. Akisikia nimekuja na sijaenda, atafikiri nimenuna."

Hilo ndilo nimelibeba miaka yote hii, na kwa hilo nakukasirikia wewe mwenyewe. Ulikwenda kwake jioni ile ile ya kutoka kifungoni. Ukaketi juu ya mbao zetu, ukateleza katikati kama wengine, ukashika mrija wa chungu kimoja na mtu aliyezikata. Nilikusikia ukicheka kutoka huku. Uliporudi nilikuuliza kama amekuomba msamaha. Ulishangaa kabisa. "Mkoki haombwi na haombi," ukasema. "Desturi ikivunjika mimi na yeye tutabaki nini?" Mimi nilidhani imeshavunjika siku ile aliyosema hakuangalia uso wako. Nilidhani hivyo, na hadi leo nadhani hivyo. Lakini wewe uliiona desturi kama nyumba ambayo mmoja amebomoa ukuta wake na mwingine lazima aendelee kukaa ndani ili isianguke yote. Ulikaa ndani peke yako. Hukugusa tena tezo ya kuchongea boti. Ulitengeneza milango na vitanda, ukakohoa, ukazeeka kabla ya wakati wako, na Barasa akaendelea kukuita Nuhu barabarani, nawe ukaendelea kumwitikia.

Tanga nilikuwa nimelishona kwa kitambaa cha amerikani kabla boti haijaisha. Askari hawakulichukua kwa sababu lilikuwa kitandani kwetu, wakadhani ni shuka. Tumelilalia miaka yote hiyo bila kulitaja jina. Ndilo nililokufunga nalo ulipokufa. Nekesa alinisaidia, na hatukumwambia mtu.

Sasa sikiliza siku ya kunyoa. Mvua ilianza asubuhi, ile mvua ya mlimani isiyo na haraka. Watu walijaa ndani ya nyumba, wengine wamebanana barazani, wazee wakigawana maneno kabla ya kugawana vitu. Barasa alikuja amechelewa. Siku hizi hana kofia, walishampa mwingine umukasa. Amezeeka, anatembea na fimbo. Alisimama nje, chini ya maji, mlangoni kwangu, akaita kwa sauti ile ile.

"Hodi. Nuhu ako? Mvua si ndio hii imekuja, na boti iko wapi? Mnipandishe na mimi, nalowa."

Watu wakacheka. Walikuwa wamelia siku nyingi, na walifurahi mkoki kuja na haki yake. Wakanigeukia mimi, mwenye nyumba, niseme karibu. Nilisimama nikaenda mlangoni. Nilimtazama usoni, vizuri, nisije nikaulizwa siku moja nikasema sikuangalia.

Nikamwambia, "Simiyu alisema wewe hatakubeba."

Wakacheka zaidi. Mmoja akapiga makofi akasema kumbe Mama Nekesa ameshajua mambo yetu. Barasa naye alicheka, akatikisa maji kwenye koti, akainua mguu aingie. Nikaweka mkono kwenye mwimo wa mlango. Mguu wake ukabaki hewani, ukarudi chini kwenye tope. Alinitazama, akisubiri nicheke. Alisubiri muda mrefu, maskini, na nyuma yangu vicheko vikawa vinaisha kimoja kimoja mpaka ikabaki mvua kwenye bati. Lakini mimi si mkoki wake. Mimi nilitoka Bunyala, sikutahiriwa pamoja na mtu, na sina utani naye hata kidogo.

Aliondoka akilowa. Hilo ndilo tusi langu, Baba Nekesa, maneno yako mwenyewe, niliyoyasema bila kucheka kama yalivyosomwa siku ile. Ukitaka kumsamehe tena huko uliko, msamehe, ni wako, mtakutana. Mimi niachie hasira yangu. Nimeitunza kuliko walivyotunza mbao zetu.

Lala sasa, fundi wangu. Tanga unalo. Ukimwona mama yangu, mwambie mwenyewe umefunga boti wapi.

Huku bado kunanyesha, na kuku wetu wote wako ndani.

Mkeo,
Mama Nekesa